Nimekula chakula cha usiku juu ya Mto Nile pale Cairo, mhudumu kakataa kwamba maji yale yanatoka kwetu Mwanza. Nani mkweli?

#1 MwanaIgogo

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Cairo kikazi. Usiku wa mwisho wenyeji wakatupeleka kula kwenye boti. Wenyewe wanaita boti, mimi niliona ukumbi wa harusi unaoelea: umbo la jahazi la Firauni, taa kila kona, bufee chini, ngoma juu. Tulipanda upande wa Giza saa mbili usiku. Tukaenda taratibu hadi Mnara wa Cairo ukawa uleee kushoto kwetu unabadilisha rangi, kulia mahoteli makubwa ya Garden City, mbele daraja la Qasr al-Nil. Kabla ya kulifikia, boti ikageuka.

Kuna jamaa anacheza tanura, sketi ya rangirangi yenye taa. Alizunguka mpaka mimi niliyekaa ndiye niliyepata kizunguzungu.

Sasa kisa chenyewe. Nikamwambia mhudumu kwa Kiingereza cha taratibu: "Ndugu yangu, maji haya tunayoelea nimeyaogelea utotoni. Mimi ni mtu wa Mwanza, Ziwa Victoria." Akacheka, akatikisa kidole: "La, la. Aswan." Nikamwambia Aswan, kule kusini kwenye bwawa lao kubwa, ni njiani tu. Akaniletea Umm Ali (ule mkate wa maziwa na karanga, mtamu balaa), akaondoka.

Maswali mawili. Yale maji ni yetu au si yetu? Na mbona boti iligeuka mapema?

#2 Kibibi Ngamiani

Picha iko wapi mkuu? Uzi bila picha ni porojo.

#3 DerevaWaUsagara

Yetu mia kwa mia. Darasa la nne tulifundishwa Nile inaanzia Ziwa Victoria, inapita Uganda, Sudan, Misri, inaingia Bahari ya Kati. Mhudumu hakusoma.

Kuhusu kugeuka, ni biashara hiyo. Usiku mmoja wanapiga safari mbili, kundi la kwanza lishuke la pili lipande. Ukimaliza kula, umemaliza kusafiri.

#4 FundiMaji

Taratibu #3. Darasa la nne lilikupa nusu ya habari.

Nile ina mikono miwili mikubwa. Nile Nyeupe ndiyo inayotoka kwetu kwenye maziwa makuu. Nile ya Samawati inatoka Ziwa Tana, Ethiopia. Zinakutana Khartoum, halafu mbele kidogo unaingia Atbara, nao wa Ethiopia. Ukijumlisha na mto Sobat, Ethiopia inatoa takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan. Inayobaki, kama asilimia 15, ndiyo ya ukanda wetu wote wa maziwa.

Maana yake ukichota glasi kumi pale Cairo, nane na nusu ni za Mhabeshi. Moja na nusu mgawane Tanzania, Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo.

Na msisahau: tukitoka Juba maji yetu yanaingia Sudd, kinamasi kikubwa ajabu cha Sudan Kusini. Karibu nusu ya maji yanayoingia humo hayatoki. Yanapaa na jua.

#5 MwanaIgogo

Kwa hiyo nilikula kuku juu ya maji ya Mhabeshi?

#6 FundiMaji

Kuku wawili. Bawa moja ndilo la Mwanza.

#7 JaKisumu

Habari zenu wadau. Naona Watanzania mmeshalichukua ziwa lote. Hilo ziwa ni la watu watatu.

#8 Kibibi Ngamiani

#7 Kenya mna asilimia 6 ya ziwa. Kaeni pembeni mshike kikombe tuwamiminie.

#9 JaKisumu

Eneo ni asilimia 6, lakini mito je? Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, yote inashuka kutoka kwetu na kuingia ziwani. Nyinyi mna eneo, sisi tunaleta maji. Na tukiongelea Cairo, kuna kitu kilitokea huko tarehe 27 Juni 2019. Kombe la Afrika, Kenya 3, Tanzania 2. Nilikuwa uwanjani.

#10 DerevaWaUsagara

Mods futeni hiyo post #9.

#11 Mzee wa Kirumba

Vijana mnachekesha. FundiMaji hesabu zake sizikatai, lakini anasema nusu yeye pia. Hiyo asilimia 85 ni ya mwaka mzima. Maji ya Ethiopia yanakuja kwa mkupuo, mvua za kule zinanyesha Juni mpaka Septemba, mto unafura, kisha unanywea. Ya kwetu yanakwenda polepole mwaka mzima kwa sababu ziwa na kile kinamasi vinayapunguza kasi. Kabla ya bwawa la Aswan, miezi ya ukame, Mmisri alikuwa anaishi kwa maji gani? Kwa kiasi kikubwa ni yetu. Mhabeshi alileta karamu, sisi tulileta ugali wa kila siku.

Hapo hapo kwenye safari ya MwanaIgogo kuna kisiwa cha Roda. Ncha yake ya kusini kuna kisima cha kupimia mto, kilijengwa mwaka 861 wakati wa khalifa al-Mutawakkil. Nguzo ya marumaru katikati imechorwa dhiraa. Maji yakipanda dhiraa 16 mwaka ni mzuri, na mkulima alipe kodi. Yasipofika, njaa. Ile nguzo ilikuwa inapima mvua ya Ethiopia.

#12 MwanaIgogo

Mzee tulipita kando ya hicho kisiwa, mimi nikadhani ni mtaa tu wenye miti. Muongozaji alikuwa anashughulika na kuuza picha alizotupiga tukipanda. Picha moja bei ya chakula cha mchana kizima.

#13 Ostadh wa Abbasiya

Assalaam alaykum. Nimesoma Cairo miaka sita. Msimlaumu mhudumu. Wamisri wanasoma habari za vyanzo vya Nile shuleni, Ziwa Victoria wanalijua. Ila mtu wa kawaida akiulizwa maji yanatoka wapi anafikiria bwawa, kama wewe Dar ukiulizwa maji yanatoka wapi unasema DAWASA.

Kuhusu kugeuka: boti kubwa za chakula zina ghorofa mbili au tatu, na madaraja ya katikati ya jiji hayako juu sana. Ndiyo maana nyingi zinazunguka kipande kilekile. Mwanafunzi hana hela ya boti hizo. Sisi tulikodi feluka, jahazi dogo la tanga, tukagawana nauli watu wanane, tukabeba koshari yetu. Hakuna ngoma, hakuna mtu wa kukuuzia picha. Na upepo wa kaskazini unakusukuma kwenda kusini bila injini.

#14 Kibibi Ngamiani

Ulisema #1 kulikuwa na bufee. Mlenda ulikuwepo?

#15 MwanaIgogo

Hahaha. Ulikuwepo! Wanauita mulukhiyya. Mimi nilidhani ni supu ya mchicha, kuweka mdomoni nikakutana na mlenda wa bibi yangu Magu. Umekatwakatwa sana, una kitunguu saumu cha kukaangwa na giligilani, unakula na wali au mkate. Wazungu waliokuwa meza ya jirani walitoka na ule utelezi midomoni hawajui wafanye nini.

#16 Ostadh wa Abbasiya

Ni mmea uleule mkuu. Na kuna ada: mpishi akimwagia kile kitunguu saumu cha moto kwenye sufuria lazima avute pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka, "haaah!" Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa anasema bila hiyo pumzi mulukhiyya haina ladha. Nikiipika sasa hivi hapa Tanga mke wangu anakuja mbio akidhani nimeungua.

#17 Kibibi Ngamiani

Kumbe upo Tanga! Karibu Ngamiani, mlenda wetu hauhitaji kushtuka.

#18 Mrundi wa Bururi

Bagenzi, mnabishana kuhusu ziwa, na ziwa si chanzo. Ziwa linapokea. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia humo ni Kagera, na Kagera inatoka kwetu. Njooni Rutovu, Burundi. Juu ya kilima kuna piramidi dogo la mawe lililojengwa 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker kuonyesha chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Chini yake kijichemchemi, maji unayaruka bila kukunja suruali.

MwanaIgogo, umekwenda Cairo ukanyimwa piramidi (najua boti haziyapiti, yako mbali na mto). La kwetu unaligusa kwa mkono.

#19 InziMwekundu

Rwanda wanasema chanzo kiko msitu wa Nyungwe, kijito cha Rukarara, ambacho nacho kinafika Kagera. Kwamba ukipima kwa urefu wa mto Nyungwe ndiyo mbali zaidi. Hapo mtakesha.

#20 Mrundi wa Bururi

#19 kusini ni kusini. Dira haina siasa.

#21 DerevaWaUsagara

Mimi nauliza, mtu akipanda boti Cairo akaenda "juu", anaelekea kaskazini au kusini? Kwenye ramani juu ni kaskazini lakini mto unatoka kusini.

#22 Mzee wa Kirumba

Juu ya mto ni kusini, kule maji yanakotoka. Ndiyo maana Misri ya Juu ni Luxor na Aswan, na Misri ya Chini ni Cairo kwenda baharini. Wamisri wa kale kwenye maandishi yao ya picha, kwenda kusini walichora mashua yenye tanga, kwenda kaskazini mashua yenye tanga lililoshushwa, maana unaachia mkondo ukubebe.

#23 Munyamulenge? hapana, mimi ni wa Beni

Mutusamehe wandugu, lakini munasahau Kongo. Semliki inatoka Ziwa Edward, inabeba maji ya Ruwenzori, inaingia Ziwa Albert. Nile nayo inapita mule mule Albert. Theluji yetu inayeyuka mpaka Misri. Muandike na jina letu kwenye hiyo glasi moja na nusu.

#24 FundiMaji

Umeandikwa #4, soma tena. Ila kweli, hakuna aliyemtaja Semliki. Nakupa kijiko.

Na niwape jambo la kuwavuruga zaidi. Maji ya Ziwa Victoria, kama asilimia 80 hayatoki mto wowote. Si Kagera, si Nzoia. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo ugomvi wa Rutovu na Nyungwe na Kisumu ni wa asilimia 20 ya asilimia 15. Chanzo cha Nile ni wingu.

#25 JaKisumu

Na wingu lina asilimia 6 ya Kenya. Nakubali.

#26 MkaziWaJinja

Mimi niko Jinja, nafuata tangu asubuhi. FundiMaji anaongea vizuri ila kuna jambo linamkataa. Kama maji yetu ni kidogo hivyo, kwa nini Misri ilihangaika nayo sana? Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilifunguliwa 1954. Misri ilichangia pesa ili ukuta uongezwe kimo cha mita moja kuhifadhi maji ziwani. Na mkataba ukasema mhandisi wa Kimisri akae hapa Jinja aangalie maji yanavyoachiwa. Mtu hawezi kuweka mlinzi kwenye ghala tupu.

Yale maporomoko aliyoyaona Speke, mpelelezi wa Kiingereza, 1862 yamezama sababu ya bwawa hilo. Watalii wanakuja wanaambiwa "hapa ndipo Nile inaanza", wanapiga picha na bango.

#27 Mzee wa Kirumba

Umeniwahi Jinja. Ongezea mkataba wa 1929, Mwingereza na Misri walikubaliana bila sisi: hakuna kujenga chochote kwenye mto, vijito wala maziwa haya kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Tanganyika ilipopata uhuru, Nyerere akawaandikia 1962 kwamba hatufungwi na huo mkataba. Wanasheria mpaka leo wanaita msimamo huo kwa jina lake.

Na Speke, kabla ya hapo Jinja, aliliona ziwa mara ya kwanza mwaka 1858 huku kwetu Mwanza. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyejua njia, lugha na watu. Mzungu kapewa bango.

#28 Nyamizi wa Kahama

Mzee hilo la mkataba nimeliishi. Nimekulia kununua maji ya ndoo, madimbwi, punda. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria mpaka Kahama na Shinyanga ulianza 2004, Misri wakanuna, bomba likaja. Siku maji yanafika kwetu mama alifungua bomba akaliacha likitiririka anatazama tu. Tulimpigia kelele bili itakuja. Alisema muacheni kidogo.

Kwa hiyo #1 usijali. Yale usiyoyakuta Cairo nimeyanywa mimi.

#29 Kibibi Ngamiani

#28 umenigusa dada.

#30 InziMwekundu

Lakini wakuu Wamisri si hao hao wamejenga bwawa la Nyerere? Wakawa wanazuia Nile huku wanajenga Nile?

#31 FundiMaji

Bwawa la Julius Nyerere liko Mto Rufiji, halina uhusiano na Nile, linamwaga Bahari ya Hindi. Ndiyo, limejengwa na kampuni mbili za Misri, megawati 2,115. Na labda ndiyo maana walifurahi kulijenga: mto wenyewe haufiki kwao.

#32 Kapteni Mstaafu wa Kemondo

Nimeendesha meli ziwani miaka mingi. Swali la pili hamjalimaliza. Mnasema madaraja, mnasema biashara. Mimi nasema kina cha maji. Baada ya bwawa la Aswan kukamilika 1970, mafuriko yaliisha na mto ule unapangwa kwa vali. Kipindi ambacho mashamba hayahitaji maji mengi wanapunguza, mto unashuka. Nahodha mwenye akili anabaki kwenye mkondo anaoujua, hasa usiku akiwa na watu mia mbili wanaocheza.

#33 Ostadh wa Abbasiya

Kapteni heshima yako, ila boti zinazunguka pale pale msimu wowote. Mimi nabaki na madaraja.

#34 DerevaWaUsagara

Na mimi nabaki na biashara.

#35 Shangazi Zuhura

Nyie angalau boti zenu zilitembea. Mimi 2019 tulikwenda na kundi kuangalia Taifa Stars (sitaki maswali, tulifungwa zote tatu). Dalali wa mtaani akatuuzia "chakula cha usiku juu ya Nile". Tumekaa, tumekula, muziki, saa nzima nasubiri ing'oe nanga. Nikamuuliza kijana, tunaondoka lini? Akaniambia mama, hii ni mgahawa, imefungwa hapa tangu alipozaliwa. Kuchungulia, minyororo na bomba la maji taka. Mwenzangu alikuwa ameshameza kidonge cha kichefuchefu cha safari.

#36 MwanaIgogo

Shangazi umeniua. Kidonge!

#37 JaKisumu

Kwa hiyo Stars hawakusonga na boti haikusonga.

#38 Shangazi Zuhura

JaKisumu, nyie mlitufunga sisi halafu mkaondoka hatua ileile ya makundi. Mganda ndiye aliyevuka. Nyamaza.

#39 MkaziWaJinja

Asante shangazi.

#40 Mchuuzi wa Omdurman

Nimefanya biashara Khartoum kabla ya vita vya 2023. Pale Mogran mito miwili inapokutana unaona kwa macho: mmoja una rangi ya tope, mwingine mweupe uliofifia, inakwenda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika. Kila jioni kulikuwa na wauza chai ukingoni. Nilikuwa nakaa upande wa Nile Nyeupe makusudi, nasema hii ndiyo imetoka kwetu. Msudani akaniambia kunywa chai, mto hauna pasi ya kusafiria.

#41 InziMwekundu

Tone likitoka Mwanza linafika Cairo baada ya muda gani? Nimesikia miezi mitatu.

#42 FundiMaji

Miezi mitatu ni ya mtu anayehesabu mto tu. Kwanza lizunguke ziwani, na ziwa haliachii haraka. Halafu Kyoga, Albert, Sudd. Halafu Ziwa Nasser nyuma ya Aswan: kwa kawaida mto ulileta pale kama mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, na ziwa lile likijaa linabeba karibu ya miaka miwili. Na sasa Ethiopia wamezindua bwawa lao 2025 lenye ujazo wa bilioni 74, hivyo hata glasi zao nane na nusu zina foleni. MwanaIgogo, yale uliyoogelea utotoni huenda yalishafika kitambo. Au yalipaa Sudd.

#43 Mzee wa Kirumba

Yakapaa, yakawa wingu, yakanyesha Ethiopia, yakaenda Cairo kwa Nile ya Samawati. Hapo asilimia zako zinasemaje?

#44 FundiMaji

Mzee hiyo siijibu leo.

#45 Ostadh wa Abbasiya

Ngojeni. Rafiki yangu niliyesoma naye bado yuko Cairo, leo jioni anapeleka wageni kwenye boti za namna hiyo upande wa Giza. Nimemwomba amuulize mhudumu yeyote.

#46 Kibibi Ngamiani

Amuulize na mulukhiyya bei gani.

#47 Ostadh wa Abbasiya

Majibu yamekuja. Amempata mhudumu mzee kidogo, Mnubi. Alipoulizwa maji yanatoka wapi naye akasema Aswan. Rafiki yangu akamwambia Watanzania wanasema ni Ziwa Victoria, Wahabeshi wanasema ni yao. Mzee akamjibu: mimi sisemi yanatoka Aswan, nasema sisi tunatoka Aswan, na kijiji cha baba yangu kiko chini ya hayo maji. Walihamishwa 1964 bwawa lilipokuwa linajengwa, wakapelekwa Kom Ombo, yeye alikuwa mtoto wa kubebwa.

#48 MwanaIgogo

Dah. Huenda na yule wangu alikuwa Mnubi. Sikumuuliza jina.

#49 Kibibi Ngamiani

Na mulukhiyya?

#50 Ostadh wa Abbasiya

Leo haipo. Kuna bamia.